Ofa Isiyoisha Imenikosesha Ofa ya Kweli

Mbagala, Dar es Salaam
16 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vyombo vya Umeme,
Kariakoo.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU OFA ZENU ZA KILA SIKU

Mimi ni mteja wenu tangu 2016. Pasi, feni mbili, blenda na friza iliyopo dukani kwangu vyote nimevinunua hapo kwenu, na risiti ninazo. Natanguliza hilo msije mkanidhania mpita njia aliyechungulia dirishani akakasirishwa na bei.

Wiki iliyopita jirani yangu aliteremsha mashine ya kufulia kutoka kwenye kirikuu. Ni ileile ninayoitamani toka mwaka jana, ambayo kwenu sijawahi kuiona chini ya 650,000. Yeye kaipata kwa 480,000, ofa ya Sabasaba. Ujumbe wa ofa hiyo ulinifikia na mimi kwenye simu. Niliufuta kabla sijafika mstari wa pili. Kosa ni langu nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Machi 2024, siku mbili kabla ya Pasaka, mlinitumia ujumbe kwamba friza imeshuka kutoka 1,250,000 hadi 890,000, na kwamba mwisho ni siku hiyohiyo saa 12 jioni. Mkononi nilikuwa na 490,000. Nikaenda mbio kwa mwekahazina wa kikoba chetu, nikakopa 400,000 kwa riba ya asilimia 10, nikapanda bodaboda hadi Kariakoo na kulipa zikiwa zimebaki dakika chache, nikijiona mjanja kweli. Jumanne baada ya sikukuu nilirudi kufuata kadi ya waranti niliyoisahau. Friza zilikuwa palepale, 890,000. Kilichobadilika ni karatasi tu: "Ofa ya Pasaka" imetolewa, imebandikwa "Ofa ya Idi". Nikamuuliza kijana wenu wa mauzo, kijana mwenye adabu sana na simsemi vibaya. Akacheka, akaniambia, "Mama, hiyo ndiyo bei yake."

Basi ile 1,250,000 ilikuwa bei ya nani?

Kila wiki naja Kariakoo kufuata mzigo wa khanga na vitenge, kwa hiyo nikafanya mazoea ya kupita kwenu na kupiga picha kibandiko cha friza ile. Mei Mosi, 890,000. Sabasaba ya mwaka jana, 890,000, ila safari hii namba iliyokatwa kwa wino mwekundu ilikuwa imepanda hadi 1,400,000. Nanenane vilevile. Black Friday, ambayo Wamarekani wenye mambo yao huifanya Ijumaa moja, kesho yake baada ya sikukuu yao ya Shukrani, nyinyi mliianza tarehe 1 Novemba mkaikabidhi kwa Krismasi. Januari ikaja "Ofa ya Kurudi Shule". Friza na shule, wapi na wapi! Kwa miezi yote hiyo sijaona siku hata moja bidhaa ile ikiuzwa kwa bei mnayoikata.

Riba ya 40,000 iliniuma, siwafichi. Lakini hilo nilishalimeza. Ninacholalamikia ni kwamba mmenifundisha kutowaamini, na nimefundishika vizuri mno. Mwaka huu mlipopunguza kweli, mimi niliona ni danganya toto ileile. Na siko peke yangu: kwenye kikao cha kikoba, kati yetu wanawake kumi na wanane, ni yule jirani mmoja tu aliyekwenda. Naye alikwenda kwa sababu ni mgeni Mbagala, hajawazoea.

Nami ni mfanyabiashara, ingawa mdogo. Nilishawahi kuacha tangazo la "Bei ya Idi" mlangoni mpaka miezi miwili baada ya Idi, kwa uvivu tu. Ramadhani iliyofuata wateja wakawa wanashika doti, wanaipindua, wanairudisha: "Tutakuja, si bei hii ipo tu?" Zamani wiki ya mwisho ya mfungo nilikuwa sipati nafasi ya kufuturu. Mwaka ule nilikaa barazani napunga nzi. Mtu hakimbilii kitu ambacho kesho atakikuta.

Najua mtaniambia kwamba wateja wenyewe ndio wanataka vibandiko vyekundu. Mwanangu anayesoma biashara amenisimulia habari za JCPenney, kampuni ya maduka ya Marekani, iliyoamua mwaka 2012 kuacha makuponi na mapunguzo ya kila mara, ikaweka bei moja ya wazi. Mauzo yakaporomoka kwa takribani robo ndani ya mwaka mmoja, na mkurugenzi wake, Ron Johnson, akaondolewa Aprili 2013. Mwanangu alinisimulia hayo kama utetezi wenu. Mimi nimesikia kingine: duka lile lilikuwa limewalea wateja kwa makuponi miaka mingi, na ulevi wa namna hiyo hauachwi kwa siku moja. Kwa hiyo siwaombi mfute ofa zote. Nami napenda kupunguziwa, nani asiyependa?

Naomba kwanza mwache kuandika bei ya zamani ambayo hamjawahi kuuzia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo hapahapa mjini. Sipendi tufike huko. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, duka linalotangaza punguzo linatakiwa lioneshe bei ya chini kabisa lililouzia katika siku 30 zilizotangulia. Hata kama kwetu hamlazimishwi hivyo, karatasi na kalamu mnazo.

La pili, mkiandika "mwisho leo", kesho yake bei ipande kweli, hata kama mimi ndiye nitakayechelewa.

La tatu ni langu binafsi. Kama kuna mashine ya kufulia iliyobaki kwa 480,000, naomba mniwekee. Nitapita Jumamosi asubuhi, na fedha taslimu, bila mkopo. Kama zimekwisha, naomba kuambiwa zimekwisha, nisianze kuoneshwa nyingine yenye karatasi ya "Ofa ya Nanenane".

Naambatanisha picha kumi na moja za vibandiko, kila moja na tarehe yake, pamoja na nakala ya risiti ya friza.

Wenu mteja,
Muuza khanga, Mbagala Rangi Tatu