Tuondoe maandishi kwenye bendera za miji yetu

Mhariri,

Nimeshona bendera hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20, nyingi zikiwa za shule na ofisi za umma, na naomba nafasi nieleze namna bendera za miji yetu zinavyoharibika kwenye karatasi kabla hazijafika kwenye cherehani.

Mwaka jana ofisi moja iliniletea mchoro wenye nembo nzima katikati: ngao, wanyama wawili, utepe na kaulimbiu. Maandishi yakichapishwa upande mmoja wa kitambaa, aliye upande wa pili huyaona kinyumenyume, na ili yasomeke kotekote ilinibidi kushona vitambaa viwili mgongo kwa mgongo na kutia cha tatu katikati cha kuzuia mwanga. Bendera ikawa nzito kama blanketi. Siku ilipopandishwa, upepo wa asubuhi haukuiweza. Ilining'inia tu, nembo imejikunja ndani, na hakuna aliyesoma hata neno moja. Niliumia, kwani ushonaji wenyewe ulikuwa safi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 4, inataka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wa umma, vibuniwe kwa mashauriano na kupitishwa na bunge la kaunti. Nairobi na Mombasa ni majiji na kaunti kwa pamoja, kwa hiyo agizo hilo linayahusu moja kwa moja. Sheria imetaja vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Sioni kwa nini nembo, ambayo mahali pake ni kwenye barua na milango ya ofisi, ibandikwe juu ya bendera. Hata bendera ya taifa, yenye ngao na mikuki, haina neno lolote, na mtoto wa shule ya msingi huichora bila kuangalizia.

Mji wa Pocatello, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, ulikuwa na bendera iliyotumika tangu 2001 ikiwa na maneno na hata alama ya hakimiliki. Mwaka 2004, chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini kilipokusanya maoni kuhusu bendera 150 za miji, hiyo ilishika mkia. Hatimaye wananchi waliombwa michoro, ikaja zaidi ya 700, na mwaka 2017 ikapitishwa bendera mpya ya buluu yenye milima mitatu myekundu, isiyo na andiko lolote.

Chicago nayo ina bendera nyeupe ya mwaka 1917, yenye mistari miwili ya samawati hafifu na nyota nyekundu za pembe sita. Nyota zilikuwa mbili. Ya tatu ikaongezwa 1933 na ya nne 1939, kila moja kwa tukio la jiji, pasipo kufumua bendera nzima. Nyota za namna hiyo fundi yeyote huzikata kwa mkasi na kuzishona, na zikaonekana sawasawa pande zote mbili.

Ninaziomba kamati za kaunti zinazobuni au kurekebisha bendera zimwite fundi mapema, kabla mswada haujafika bungeni, ashone mfano mmoja, upandishwe mlingotini siku yenye upepo mdogo, na wajumbe wautazame wakiwa ng'ambo ya barabara.

Fundi cherehani,
Mombasa