Bili umelipa, ripoti bado yasema unadaiwa

Sapulaya wa simenti amelipwa tangu wiki jana na ujumbe wa M-Pesa uko kwenye simu. Ukifungua ripoti ya bili zisizolipwa kwenye programu yako ya hesabu, jina lake lingali pale na deni zima. Wenye maduka wengi hapo huamua kuwa programu imeharibika, wakaifuta bili. Tafadhali usiifute. Bili ndiyo iliyobeba gharama na VAT ya mzigo ule, na kuiondoa hakuonyeshi malipo yalikoingia.

Hela kutoka benki hakutoshi kuiambia programu kuwa deni limekwisha. Malipo yenyewe lazima yafungwe kwenye bili yenyewe. Bili ambayo haijafungwa na malipo hubaki wazi, hata kama sapulaya hakudai senti.

Anza na tarehe, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote. Tuseme unataka madeni ya tarehe 30 Juni. Programu ya QuickBooks, kwa mfano, inaweza kuonyesha bili zilivyo leo au zilivyokuwa siku ya ripoti. Ukiiacha kwenye hali ya leo, bili ya Juni uliyoilipa tarehe 4 Julai haitatokea, na jumla haitalingana na mizania (orodha ya mali na madeni ya biashara) ya Juni. Badilisha chaguo hilo kwenye mipangilio ya ripoti, kisha linganisha jumla na akaunti ya wadai, yaani unayodaiwa na masapulaya, kwenye mizania ya tarehe ileile. Mizania nayo itolewe kwa msingi wa malimbikizo, yaani bili inahesabiwa inapoingia, hata kabla ya kulipwa. Ile ya msingi wa taslimu haihesabu bili ambazo hujalipa.

Jumla mbili zikilingana na bado kuna bili ulizolipa kwenye orodha, kosa liko kwenye uingizaji. Hapa ndipo penye kazi, na kosa tunalolikuta zaidi ni moja: karani aliingiza bili mzigo ulipofika, kisha siku ya kulipa akaandika malipo kama gharama mpya badala ya kupitia sehemu ya kulipa bili. Taarifa ya benki ikiingizwa moja kwa moja kwenye programu, kosa hili ni rahisi zaidi kutokea, maana programu hupendekeza "gharama" na mtu hubonyeza kukubali.

Chukua mifuko 100 ya simenti kwa Sh 800 kila mmoja kabla ya kodi. Hiyo ni Sh 80,000, VAT ya asilimia 16 ni Sh 12,800, jumla Sh 92,800. Malipo yakiandikwa kama gharama, simenti imehesabiwa mara mbili: faida yako inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na deni lingali wazi. Mstari wa malipo ukiwa na alama ya VAT, zile Sh 12,800 nazo utakuwa umezidai mara mbili kwenye ritani inayotakiwa kufika tarehe 20, ilhali ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya) ni moja tu. Ndiyo maana tunalichukulia jambo hili kwa uzito kuliko deni lenyewe.

Dawa yake si kufuta malipo pia, hasa kama mwezi huo umeshalinganishwa na benki. Yafungue malipo, uache tarehe na kiasi vilivyo. Pale palipoandikwa akaunti ya gharama weka akaunti ya wadai, ondoa alama ya VAT kwenye mstari huo, weka jina la sapulaya, uhifadhi. Sasa malipo yamekuwa salio la sapulaya huyo, yaani hela alizopokea zinazongoja kufungwa kwenye bili. Nenda kwenye sehemu ya kulipa bili, chagua bili ya Sh 92,800, uifunge na salio hilo. Kiasi cha kulipa kitasoma sifuri, nayo bili itatoka kwenye ripoti. Kama ritani ya mwezi ule imeshapelekwa na VAT iliyozidi, itabidi irekebishwe.

Ukiona sapulaya mmoja ana bili wazi na chini yake kiasi chenye alama ya kutoa, mambo ni mepesi: malipo yameingia panapostahili ila hayajafungwa, au ulirudisha bidhaa na hati ya krediti imekaa bure. Zifunge pamoja, basi. Lakini jina likiwa mara mbili hazitafungika. Hili hutokea sana kwa wanaonunua kwenye masoko kama Kongowea au Marikiti: bili imeandikwa jina la duka, malipo yakaandikwa jina la mwenye duka kwa sababu ndilo M-Pesa lililoonyesha. Fanya nakala ya hifadhi kwanza, kisha yaunganishe majina hayo kuwa moja. Kwenye QuickBooks ukishaunganisha hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo hakikisha kweli ni mtu mmoja.

M-Pesa huleta mengine mawili. Muamala mmoja hauzidi Sh 250,000, kwa hiyo bili ya Sh 400,000 hulipwa kwa miamala miwili, na wa pili ndio husahaulika. Ada ya kutuma nayo huchanganywa na malipo, na sapulaya akaonekana amezidishiwa shilingi chache. Ada ina akaunti yake ya gharama.

Masalio madogo yanayobaki kwenye bili za huduma mara nyingi ni kodi ya zuio, yaani kodi unayomkata unayemlipa ili uipeleke KRA. Wakili akikutoza Sh 50,000 za kazi, nawe ukakata asilimia 5 na kumlipa Sh 47,500, ripoti itakuonyesha Sh 2,500. Hizo si zake tena, ni za KRA. Ziingize kama krediti kwa jina lake dhidi ya akaunti ya kodi ya zuio inayodaiwa, kisha uzifunge kwenye bili. Usizifute kama "tofauti ndogo", maana deni la kodi litapotea vitabuni huku bado unalo.

Mafaili ya programu kuharibika huwezekana, ila ni nadra. Tafuta huko baada ya haya yote.

Ukituletea kazi hii, njoo na ripoti ya bili ya tarehe moja, mizania ya tarehe hiyohiyo, taarifa za benki na M-Pesa za miezi inayohusika, na taarifa ya akaunti kutoka kwa kila sapulaya mwenye utata. Hiyo ya mwisho iombe mapema, kwa kuwa ndiyo huchelewa kufika.