Tupimieni wazee presha wakiwa nyumbani

Mhariri, mimi ni wa Likoni, Mombasa, mamangu ana presha na kila kliniki ilikuwa lazima tuvuke feri, jua, foleni, akifika akipimwa namba ziko juu tu. Saa hii twampima nyumbani asubuhi na jioni, anakaa kimya dakika 5, mkono juu ya meza, halafu namba namtumia nesi kwa WhatsApp naye anamuonyesha daktari. Nyumbani wastani ukifika 135/85 hiyo ni juu tayari, wengi hawajui. Kwa achari, vile ina chumvi nyingi, bado twavutana naye sana!! Naomba kaunti ilete huduma hii zahanati zote, manake wazee wakijiskia sawa huwacha dawa, na presha mara nyingi haina dalili.

Msomaji, Likoni