Kwako uliyesugua mizani ya babu

Mdogo wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Na picha za Heidelberg, huko Ujerumani, nimeziona, zile za makumbusho ya famasia ndani ya kasri: vinu vya shaba, mitungi yenye majina ya dawa, mizani nyuma ya kioo. Chini yake umeandika, "Kama ya babu!" Umependeza, sikatai. Ila hiyo ya babu niliiona mara ya mwisho ndani ya karai la sabuni, uani Mikindani, kesho yake ya arobaini, na wewe umeshika stilwaya na kipande cha ndimu.

Shaba ukiisugua hivyo inang'aa, ndiyo, lakini kinachotoka ni shaba yenyewe pamoja na alama zake. Jiwe kubwa la mizani halitaumia sana. Madogo ndiyo yanayodanganya baadaye. Na ile rupia ya Mjerumani haikuwa pesa iliyosahaulika kashani: ina gramu 11.66, ndiyo tola yenyewe, kipimo cha zamani cha Kihindi, babu alipimia. Sasa hata kofia ya Kaizari haionekani.

Kibaya zaidi ni maji. Fimbo ya mizani hukalia ukingo mwembamba wa chuma, kama kisu kilichosimamishwa makali chini. Hewa ya chumvi ya huku inakula chuma hata kikiwa kikavu. Ukikiloweka, kutu inatoa vijino na fimbo inakwama. Sahani zikiwa tupu, dondosha punje moja ya mchele upande mmoja: mizani ya dawa iliyo nzima huinama. Hii sasa imekaa kimya. Ilitosha kitambaa kikavu cha pamba, na brashi laini kwenye vitundu vya nyuzi. Mafuta hapana, yanashika vumbi.

Vinu viwili vya mti navyo havikuwa pacha. Mti hunywa kinachotwangwa ndani yake, wala hautemi kwa kuoshwa. Chenye doa jeusi kilikuwa cha dawa za kupaka tu, tafadhali mwambie shangazi asikitwangie kisamvu! (Wasomaji mniwie radhi, hili ni la nyumbani na haliwezi kungoja.)

Utauliza mbona sikusema palepale. Wageni walikuwa hawajaondoka, shangazi analia, nani angefoka kwa ajili ya sahani mbili za shaba? Ufunguo wa kasha nilikupa mimi, najua. Ulisema unataka kuangalia tu. Mtu akiniambia anataka kuangalia kitu cha babu yake, nimnyime kwa lipi?

Chupa nazo lebo zimebanduka zote, na unga wa mizizi bila jina wala tarehe haumfai mtu, ni wa kufukia. Lakini kabla hujaziosha ulizipanga barazani ukazipiga picha, nilikuona na simu. Nitumie hizo. Usizipunguze ukubwa, mwandiko wa babu ni mdogo.