Tableti ni nyepesi, lakini picha za kupamba zitalala wapi?

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya Jumamosi iliyowashauri wapiga picha wauze laptopu wanunue tableti, eti laptopu ni mzigo wa kizamani. Niliisoma nikiwa ndani ya feri ya Likoni, mkoba begani, na ndani ya mkoba mlikuwa na mzigo wenyewe wa kizamani. Naomba nafasi nijibu.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake: siku ya hina, kesha, na zaidi ya yote kupamba. Kwa msomaji wa bara asiyekujua kupamba, huo ni usiku wa wanawake peke yao. Bi harusi hukalishwa jukwaani aonekane na wenziwe, mabuibui yamevuliwa, nywele zimesukwa na kutiwa asumini, mikono i wazi hadi begani. Mwanamume haingii. Simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, na nyanya mmoja huketi karibu na kapu lile kama askari wa benki. Kamera inayopita pale ni moja, nayo ni yangu. Mwandishi wenu aliandika kana kwamba picha zote ni za twiga wa Tsavo.

Alipima uzito na kioo. Uzito namkubalia bila ubishi. iPad Pro ya inchi 13 iliyotoka mwaka 2024 haifiki gramu 600. Laptopu yangu ni kilo mbili na ushei, chaja yake ni tofali, na mtu akishuka feri usiku pale Likoni na umati ule wa watu, kila kilo huhesabiwa na bega. Tena stima ikipotea katikati ya shughuli, jambo ambalo hatulionei ajabu, tableti hukaa na moto saa nyingi, ilhali betri ya laptopu yangu kuukuu huanza kulia baada ya saa moja na nusu. Kioo nacho ni kizuri, rangi ya hina hutoka kama ilivyo. Ila mwandishi angeipeleka hiyo tableti pale ufukweni Mama Ngina saa nane mchana mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imelala. Apple wenyewe wanasema iPad itumike mahali pasipozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Juani ile bamba ya nyuma huwaka kama chuma cha kukaangia chapati, kioo kikafifia chenyewe, kisha ikaja alama ya kipimajoto na kazi ikasimama. Nimewahi kuifunika kwa leso nikanunua dafu la baridi nikaliweka kando yake, maharusi wakinicheka.

Lakini hayo ni madogo. Kilichonifanya niandike ni hiki.

Miaka mitatu iliyopita laptopu yangu ilikuwa kwa fundi Mwembe Tayari, kibodi imeliwa na chumvi ya bahari. Nilikuwa na kupamba Kibokoni, ghorofa ya pili, zile ngazi nyembamba ambazo ukipanda na mkoba mkubwa lazima mwenzio anayeshuka arudi juu kwanza. Nikaazima tableti ya binti yangu. Ilipofika saa nne usiku kadi ya kwanza ilijaa. Nikaketi kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, nikachomeka kisomea kadi, nikabonyeza kuingiza picha zote, nikarudi ukumbini. Niseme kweli, nilijiona wa kisasa.

Haikupita nusu saa, simu yangu, ambayo kwa ajili ya kazi haikutiwa kapuni, ikatetemeka. Ni mwanangu wa kiume aliyekuwa akisoma Nairobi.

"Mama, samahani. Mbona simu yangu inajaa picha za wanawake harusini?"

Nguvu ziliniisha magotini. Watoto wale wawili walikuwa wakitumia akaunti moja, waliyofunguliwa na baba yao zamani ili wasilipie programu mara mbili. Nyumba ile ya Kibokoni ilikuwa na intaneti na binti yangu aliwahi kuitumia, kwa hiyo tableti iliingia yenyewe bila kuniuliza. Kila picha niliyoingiza ilipanda mtandaoni, ikashuka Nairobi. Nilizima intaneti, nikafuta, kisha nikakumbuka kwamba kilichofutwa hakiendi popote: hukaa kwenye kile kipipa cha takataka siku 30 hivi, kikiwangoja wenyewe. Nikakimwaga nacho. Mwanangu naye nikamwamuru afute na amwage, tukiwa kwenye simu, hatua kwa hatua.

Nikaenda kumwambia mama wa bi harusi. Ningeweza kunyamaza, lakini nisingelala. Alinisikiliza huku vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, likilia nyuma yetu, uso hautikisiki.

"Mwanao ana umri gani?"

"Ishirini na mmoja, mama."

"Mpigie. Nataka kumsikia mwenyewe."

Nikampigia. Akamwapisha kijana wa watu kwenye simu, pale pale jikoni kati ya masufuria ya pilau, kwamba hakutazama, hakuhifadhi, na hakumwonyesha mtu. Kisha akanirudishia simu, akaniambia nikaendelee na kazi, bi harusi anataka kupigwa picha pamoja na shangazi zake. Pesa zangu alinilipa zote. Mwaka uliofuata akaoza binti wa pili. Sikuitwa.

Najua atakayesema ni uzembe wangu. Ni wangu, sina wa kumsukumia. Na laptopu nayo inaweza kupandisha picha mtandaoni ukiiruhusu. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwenye laptopu mimi ndiye ninayefungua folda, nikaipa jina, nikajua imekaa wapi. Tableti nyingi hununuliwa mlango ukiwa wazi, na ni juu yako kuutafuta ulipo uufunge. Baadhi ya programu za kuhariri za kwenye tableti zimejengwa juu ya hifadhi ya mtandaoni. Ukiingiza picha tu zinaanza safari. Hapo sijataja bando. Na si aibu peke yake. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, si mali ya mwenye kamera kuitawanya.

Jambo la pili ni nakala. Mimi sitoki nyumba ya harusi kabla picha hazijawa mahali pawili: moja mkobani, moja kwenye diski ndogo ya SSD ninayoifunga kibindoni ndani ya leso. Mkoba ukinyakuliwa njiani, harusi ya watu haikupotea. Tableti inaweza kazi hiyo, sikatai. Tangu mwaka 2019 iPad zimeruhusu diski za nje. Lakini si tableti zote ni sawa, na hapa ndipo vijana huumia dukani. iPad ya kawaida ya kizazi cha 10, iliyotoka mwaka 2022, ina tundu la USB-C kama lile la iPad Pro, ukiyatazama huyatofautishi. Ndani yake mwendo ni ule wa zamani wa USB 2, megabiti 480 kwa sekunde. Kamera yangu ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi ya MB 28 hivi. Kupamba kumoja hunipa picha 1,200, yaani karibu GB 34. Kadi nzuri husomeka kwa dakika sita au saba kwenye tundu lenye kasi. Kwenye lile jingine ni robo saa au zaidi, na hiyo ni nakala ya kwanza tu. Robo saa mbili, saa saba usiku, mwenye nyumba anapiga miayo na tuktuk inakungoja chini! Zaidi ya hayo, ile niliyoitumia ukifungua programu nyingine kunakili husimama, na hutambui hadi urudi kuangalia. Laptopu yangu ya mitumba, niliyoinunua shilingi elfu 38, hunakili huku mimi nikichagua picha, kisha hulinganisha faili moja moja kuona zimefika nzima.

Na kuna hili ambalo asiyefanya kazi kwenye shughuli zetu hawezi kulijua. Tableti harusini ni kama mtoto mchanga: kila mtu ataka kumbeba. Unamwonyesha mama wa bi harusi picha tatu, anampa dada yake, dada anampa wifi, wifi anatembea nayo. Vidole vina mafuta ya halua. Nimewahi kuitafuta tableti dakika 20 nikaikuta chumba cha watoto, wanachora juu ya picha. Laptopu hukaa mezani, na anayetaka kutazama huja mezani. Bi harusi mwenyewe hina haijakauka, hawezi kugusa kioo. Kwenye laptopu mimi ndiye ninayembonyezea.

Sikusema tableti itupwe. Ninayo yangu sasa, ina akaunti yake peke yake, na kwa picha za nje ni rafiki mzuri: maharusi wako Mama Ngina jioni jua limepoa, unawaonyesha mkao, wanachagua papo hapo huku wanakula mihogo. Hizo ni picha ambazo wenyewe wataziweka mtandaoni kabla sijavuka feri. Za kupamba ni nyingine.

Ningemwalika mwandishi wenu aje aone kwa macho yake, lakini ni mwanamume, nyanya wa kapu hatamruhusu. Basi nina ombi dogo. Mna ukurasa wa teknolojia. Chapeni humo, kwa Kiswahili na kwa picha, maelezo ya kuzima upandishaji wa picha kwenye tableti na simu, pamoja na namna ya kumwaga kile kipipa. Yachapwe kabla ya Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha na harusi zikianza kumiminika. Nina wasichana wanne ninaowafunza kazi. Nitanunua nakala tano.

Mpiga picha wa kike,
Likoni, Mombasa