Asante, ndugu wa William Street

Sikupata jina lako. Ulikuwa mteja tu kama mimi katika lile duka la William Street, Kampala, ukanisikia nikiuliza kama laptopu mpya ya Windows 11 inaweza kuwekewa na Ubuntu pia, mfumo wa uendeshaji wa familia ya Linux. Muuzaji alishasema haiwezekani. Wewe ukavuta stuli.

Nakushukuru hasa kwa kutokuwa na haraka. Kabla ya kugusa diski, ulitaka niandike daftarini ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga data ya diski, tarakimu zote 48, maana mipangilio ya kuwasha ikibadilishwa Windows huweza kuudai. Kisha ukazima ule uwashaji wa haraka. Ukiachwa, ulisema, Windows haizimiki kabisa, na Linux ikiandika kwenye sehemu ya diski ya Windows, mafaili yanaweza kuharibika. Sehemu ya Windows kwenye diski ukaipunguza kwa programu ya Windows yenyewe, ili Ubuntu ipate nafasi. Kupakia Ubuntu kutoka kwenye flashi kukawa kazi ndogo.

Na ile saa! Nimefika nyumbani Ntinda, nikirudi Windows naona iko nyuma kwa saa tatu nzima. Ulishanionya: Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu. Amri uliyoniandikia kwenye karatasi ikamaliza ubishi: timedatectl set-local-rtc 1.

Pesa ulikataa, hata soda. Ukiyasoma haya, ndugu yangu, jitokeze pale dukani. Nina deni lako la rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, tena ya mayai matatu. Webale nnyo.