Wauzaji watuandikie nguvu ya kila kichomeo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwape neno wauzaji wa majiko makubwa ya gesi, yale yanayosifiwa kuwa ya mtindo wa hoteli, ambayo siku hizi yamepangwa mstari wa mbele katika maduka ya hapa Kisumu na ambayo kila anayemaliza kujenga huko Riat au Mamboleo hutamani awe nalo.

Mwezi uliopita jirani yangu aliniomba niandamane naye kwenda kuchagua jiko la namna hiyo, kwa kuwa nilifundisha sayansikimu miaka mingi na yeye huamini kwamba mimi sidanganyiki kwa urahisi. Tulionyeshwa jiko lenye upana wa sentimita 90, vichomeo sita, vifundo vyekundu vya kuwashia na mlango mzito wa chuma kisichoshika kutu. Nikamwuliza kijana wa dukani kila kichomeo kina nguvu ya kilowati ngapi. Akafungua oveni, akawasha taa ya ndani, akaniambia, "Mama, hili ni la hoteli kabisa, halitakusumbua." Nikauliza mara ya pili. Akajibu kwamba kijitabu cha maelezo kimo ndani ya sanduku, na sanduku halifunguliwi mpaka mteja alipe.

Swali lenyewe halikuwa la kujionyesha. Kichomeo cha kawaida cha jiko la nyumbani huwa na nguvu ya kilowati 1 hadi 3, na kile kikubwa chenye duara mbili au tatu za moto hufika 4 au 5. Yapo majiko ya fahari ya Marekani ambayo hupita 6. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la kilowati-saa zipatazo 13, kwa hivyo kichomeo cha kilowati 5 kikifunguliwa hadi mwisho hula karibu gramu 400 kila saa, na mtungi wa kilo 13 utakwisha kwa saa 33 hivi. Ukiwasha vichomeo sita kwa pamoja siku ya wageni, tatizo jingine hujitokeza hata kabla gesi haijaisha: gesi iliyo katika hali ya majimaji hunyonya joto la mtungi ili igeuke mvuke, mtungi unapoa na kutoa jasho, na moto unaanza kunywea ilhali mtungi bado una uzito mkononi. Mwenye jiko la aina hiyo anahitaji mitungi miwili iliyounganishwa, au mmoja wa kilo 50 uliowekwa nje ya nyumba. Hilo nalo kijana wetu hakulitaja.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, mtihani halisi wa jiko ni moto mdogo kuliko moto mkubwa. Mboga zetu za kienyeji, kama vile osuga na akeyo, hutiwa maziwa na kuachwa zitokote taratibu kwa muda mrefu, na kichomeo kikali ambacho hakiwezi kushushwa mpaka kibakie kama utambi wa taa kitayakatisha maziwa na kuunguza chini ya sufuria. Mnunuzi amwombe muuzaji awashe kichomeo kikubwa kuliko vyote, akishushe hadi mwisho, kisha afunge na kufungua mlango wa kabati lililo karibu. Moto ukizimika kwa upepo huo mdogo, na gesi isijifunge yenyewe, jiko hilo aliache hapo hapo dukani.

Nami sikuzaliwa nikiyajua haya. Mwaka wa 2014 nilinunua jiko kubwa lililokwisha kutumika Uingereza, zuri kwa sura na la bei nafuu, nikajiona mjanja kuliko walionunua majiko mapya. Jioni ya kwanza moto ulipanda wa manjano, ukaramba ubavu wa sufuria mpaka karibu na ukingo, na sufuria yangu niliyokuwa nikiisugua kwa majivu tangu niolewe ikawa nyeusi kwa masizi. Binti yangu alilalamika kuumwa na kichwa. Nikalaumu gesi, nikabadilisha mtungi, mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu nilimwita fundi, akafungua kichomeo na kunitolea kipande cha shaba kisichozidi ncha ya kidole, chenye tundu dogo katikati. Mafundi hukiita jeti. Akaniwekea kingine kando yake kiganjani ili nilinganishe. Tundu la jiko langu lilikuwa kubwa kupita kiasi.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka, na inasikitisha kwamba aliyeniuzia hakunieleza. Nyumba nyingi za Uingereza hupata gesi asilia kwa mabomba yanayopita chini ya barabara, nayo kwa sehemu kubwa ni methani, inayofika jikoni kwa shinikizo la milibari 20 hivi. Sisi hatuna mabomba hayo. Tunatumia mchanganyiko wa propani na butani kutoka mitungini, kwa shinikizo la milibari 30 hivi, na lita moja ya mchanganyiko huo hubeba joto linalozidi mara mbili lile la lita moja ya methani. Ukiupitisha katika tundu lililochongwa kwa ajili ya methani, gesi inayotoka huwa nyingi kuliko hewa ya kuichoma, na matokeo yake ni masizi pamoja na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaweza kuua katika chumba kilichofungwa. Fundi alipobadilisha jeti zote, moto ukawa mfupi, wa buluu na wenye sauti ya chini. Tangu siku hiyo huwauliza wauzaji wa majiko, mapya na yaliyotumika, kama jeti za gesi ya mtungi zimefungwa tayari au angalau zimo sandukuni, na mara nyingi hutazamwa kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda mwezini.

Jina hilo la "hoteli" nalo linapoteza watu. Jiko halisi la hoteli limetengenezwa kwa ajili ya chumba chenye kuta zisizoshika moto na feni kubwa ya kutolea moshi. Mara nyingi ubavu na mlango wake haukukingwa sana dhidi ya joto, na mtoto akiegemea oveni ataungua. Ndiyo maana Fred Carl, mjenzi wa nyumba katika mji wa Greenwood, jimbo la Mississippi nchini Marekani, alianzisha kampuni ya Viking mwaka wa 1984 ili kutengeneza majiko yenye nguvu za hoteli lakini yaliyokingwa vizuri kwa matumizi ya nyumbani. Mengi tunayouziwa hapa ni ya namna ya tatu: yana sura ya hoteli, ndani yake ni vichomeo vya kawaida. Hakuna dhambi katika hilo, mradi bei iwe ya vichomeo vya kawaida.

Sipingi majiko makubwa. Jiko la sentimita 60 lina nafasi finyu mno kwa sufuria mbili pana kukaa bega kwa bega, na mwenye nyumba ya wageni wengi atafurahia zile sentimita 30 za ziada, ingawa sioni familia ya hapa inahitaji lile la 120. Ninachosisitiza ni chuma cha juu kinachobeba sufuria. Kusonga ugali wa watu kumi ni kazi ya nguvu: mwiko unasukuma, sufuria inataka kuzunguka, na mkono wa pili umeshika kitambaa. Vyuma vyembamba huteleza na kuinuka upande mmoja; vile vizito vya chuma cha kusubu, vilivyoungana kutoka kichomeo hadi kichomeo, hutulia, na sufuria yaweza kuvutwa pembeni bila kunyanyuliwa. Siku ile ya kwenda dukani na jirani nilikuwa nimebeba sufuria yangu na mwiko kwenye kikapu, nikasonga ugali wa hewa juu ya majiko matatu mbele ya wateja wengine. Walicheka, lakini mmoja aliniomba mwiko wangu naye ajaribu.

Kuhusu stima nitasema machache. Plagi ya ampea 13 kwa volti 240 haivuki wati 3,120 hivi, kwa hivyo oveni ya umeme inayozidi hapo, au jiko lenye oveni mbili, linahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha saketi, na kazi hiyo ifanywe kabla ya rangi kupakwa ukutani. Dirisha nalo lisisahauliwe: anayekaanga mbuta kila wiki bila njia ya kutolea moshi atanusa samaki hata kwenye mapazia ya chumba cha kulala.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Pale panapoandikwa bei, paandikwe pia kilowati za kila kichomeo kwa moto mkubwa na kwa moto mdogo, aina ya gesi ambayo jeti zake zimechongewa, na wati za oveni. Takwimu hizo huwa zimo tayari katika kijitabu cha mtengenezaji, kwa hivyo kuzinakili kwenye karatasi ya bei ni kazi ya dakika tano.

Jirani yangu hajanunua. Kijana yule alichukua nambari yake ya simu akaahidi kumwuliza bosi wake kuhusu jeti, na hadi ninapoandika barua hii hajapiga.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Mamboleo, Kisumu